Maji ya Siku za Mbalamwezi

Bangwe, Kigoma
9 Julai 1999

Ndugu Eliakimu,

Salamu nyingi kwako na kwa baba yako mkubwa. Nilifika salama. Boti ya Hamdani ilitushusha Kibirizi alasiri, nguo zikiwa zimeloa mpaka kifuani, na tangu hapo kila nikifumba macho naiona ile sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji ikizama. Inageuka kijani, inageuka buluu, halafu haipo. Jana nimeiota. Katika ndoto kamba haikuwa na mwisho, na wewe ulikuwa unahesabu mafundo kwa sauti ya mwalimu wa hesabu.

Nakuandikia maelekezo upya kwa sababu Dk. Oswald, anayetufundisha, anasema aliyeelekeza kwa mdomo tu hajaelekeza. Kila asubuhi saa tatu, ingieni mtumbwini, wewe upime na Mapendo apige kasia. Kituo cha kwanza ni pale kwenye mdomo wa kijito, mbele ya nyumba za kina Mapendo na Wakongomani wenzao. Kituo cha pili ni jiwe kubwa la kusini, mbali na watu. Shusha sahani, andika fundo inapopotea, ipandishe, andika fundo inapoonekana tena, jumlisha, gawanya kwa mbili; kila fundo ni mita moja. Ukiweza, pima na alasiri. Kila baada ya wiki mbili mpe Hamdani fomu.

Uliniuliza mafunzo haya ni ya nini, nikakujibu haraka haraka kwa sababu boti ilikuwa inaita. Tuko wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa pili, wiki kumi za likizo ndefu. Asubuhi tunajifunza ziwa: maji, konokono, samaki. Jioni tunajifunza kitu kinachoitwa haki ya mazingira. Siku ya kwanza Dk. Oswald aliandika ubaoni: “Uchafu unatoka kwa nani, na lawama inakwenda kwa nani?” Sote tuliinakili upesi, kana kwamba ni swali rahisi.

Msalimie Mapendo. Mwambie asikuchekeshe ukiwa umeshika kamba.

Wako,
Scola


Nyamulika, kaskazini ya Mwamgongo
18 Julai 1999

Dada Scola,

Shikamoo. Mwakeye, habari za huko mjini. Nimepokea barua yako na nimeibandika ndani ya jalada la shajara yangu. Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kidato cha pili kuandika shajara kila siku, wenzangu wakaacha, mimi nimeshindwa kuacha. Kwa hiyo fomu yako siyo mzigo. Naijaza, kisha yangu naiandika pembeni.

Kituo cha kwanza, tangu tarehe 10 mpaka leo: mita tisa, tisa na nusu, tisa, tisa. Kituo cha pili: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja na nusu. Upepo wa kusini kidogo. Milima ya Kongo haionekani kabisa kwa sababu ya moshi wa mapori yanayochomwa. Mapendo anasema kwao kumelala, kumejifunika shuka, tusipige kelele. Akisema hivyo anapiga kasia polepole kweli, na mimi naona aibu kuhesabu mafundo kwa sauti.

Asubuhi maji yanakuwa hayana mstari. Hujui ziwa limeishia wapi na mbingu imeanzia wapi. Sahani ikizama naona kama naishusha angani.

Baba mkubwa Leonardi amezisikia salamu zako. Ulipokuwa hapa hukumkuta, alikuwa amekwenda kuuza matofali. Ndiye mwenyekiti wa kitongoji, na ndiye aliyenilea baba alipofariki. Tanuri lake la matofali ndilo lililonisomesha mpaka kidato cha nne. Siku hizi matofali yanatakiwa sana mjini: wakimbizi wamevuta wafadhili, na wafadhili wanajenga maghala. Lakini baba mkubwa hawapendi wakimbizi wenyewe. Anasema hawa wa mdomo wa kijito wapelekwe kambini kama wenzao, wanatuharibia maji. Nikamwambia maji ni mita tisa. Akasema, “Ngoja.”

Mdogo wako,
Eliakimu


Nyamulika
31 Julai 1999

Dada Scola,

Shikamoo. Nakutumia fomu mapema kwa sababu maji yamebadilika.

Tarehe 22 zimefika kaya tano mpya kutoka ng'ambo, Ubembe huko Kongo, kwa mtumbwi mmoja uliojaa mpaka ukingoni. Wamejenga vibanda nyuma ya nyumba ya kina Mapendo na wameanza kulima muhogo kwenye mteremko. Tarehe 24 Kituo cha kwanza kilikuwa mita nane. Tarehe 26, tano. Tarehe 28, tatu. Jana mbili na nusu. Maji ni mekundu kama chai iliyokosa maziwa. Sahani haizami, inamezwa. Wanawake wanachota hayo hayo wanayaacha ndooni mpaka yatulie, na mtoto mmoja wa wale wapya anaharisha. Kituo cha pili ni mita kumi na moja kama kawaida.

Alasiri sikuweza kupima. Nyumbani kuna kazi.

Baba mkubwa ameniuliza namba, nimempa. Alitabasamu tu, akaendelea kula.

Mapendo naye siku hizi hacheki mtumbwini.

Mdogo wako,
Eliakimu


Bangwe
6 Agosti 1999

Ndugu yangu Eliakimu,

Hujui umenifanyia nini! Wenzangu wote wana namba zilizolala, lakini zangu zinatelemka kama ngazi: tisa, tisa, nane, tano, tatu, mbili na nusu. Nimechora mchoro, nimeweka alama tarehe 22, siku zilipofika kaya mpya tano, na baada ya hapo mstari unashuka. Nimeandika muhtasari wa kurasa mbili: kilimo cha mteremko, udongo kuingia kijitoni, maji kuchafuka. Kila mtu ameusifu. Ila Dk. Oswald aliusoma, akavua miwani, akasema, “Na mvua je?” Halafu akaitwa kwenye simu. Sikuelewa alitaka nini.

Mzee mmoja wa ofisi inayoshughulikia makazi ya wakimbizi alipita hapa, akaona mchoro ukutani, akaomba nakala. Nimempa. Nilijisikia mtu mzima kweli. Nimemwambia wazi kwamba lengo ni kuwasaidia hao watu wapate maji safi.

Usiku naota ziwa likiwa chai, kama ulivyosema, na mimi nalikoroga kwa kijiko kirefu.

Endelea kupima. Usikose hata siku moja.

Wako,
Scola


Nyamulika
14 Agosti 1999

Yaya Scola, dada yangu,

Miye Mapendo ndiye naandika. Nilisoma mpaka la sita kule Baraka, basi usicheke mwandiko.

Jana banaume watatu walikuja na karatasi yako. Iko na jina lako chini. Walituita bote mbele ya nyumba ya mama, wakasoma: siye ndio tunaharibu maji. Tarehe 4 ya mwezi wa tisa kutakuwa mkutano, na kama mkutano inakubali, tunapelekwa kambini, kule bara, mbali na maji. Siye ni batu ya ziwa, Yaya. Mama yangu hajalala hata siku moja mahali asiposikia maji.

Niliuliza wale banaume: udongo yetu iko na miguu? Tangu mwezi wa tano mvua haijanyesha hata tone. Udongo ya shamba inatembeaje mpaka kijitoni? Mumoja akacheka, akasema, “Huyu dada asomeshwe.” Mwenzake akakunja karatasi.

Hii sahani yako, ni miye napiga kasia kuipeleka. Kila siku. Haikuniambia hivyo. Ilikuambia weye?

Eliakimu anajua mambo. Muulize. Miye simuulizi, kwa sababu nikimuuliza atanijibu, na sitaki kusikia.

Mapendo


Bangwe
17 Agosti 1999

Eliakimu,

Nimepata barua ya Mapendo na fomu zako za tarehe 1 mpaka 14 kwa siku moja. Sijui nianze na ipi.

Nianze na fomu. Tarehe 3 umeandika mita nne, tarehe 5 sita, na kuanzia tarehe 8 mita tisa kila siku, kama Julai. Inawezekanaje? Kaya tano bado zipo. Shamba bado lipo. Wewe unaniambia maji yamejisafisha yenyewe?

Niambie ukweli. Ulipima, au ulikaa kivulini ukajaza tu? Kama ni kwa sababu ya Mapendo, naelewa moyo wako, lakini huwezi kunitumia namba za huruma. Watu watahamishwa au watabaki kwa karatasi hizi. Nimekwisha kuitoa ya kwanza, na imetoka na jina langu.

Sasa nimeelewa swali la Dk. Oswald kuhusu mvua. Nimelielewa baada ya kufundishwa na msichana wa darasa la sita. Sijalala vizuri tangu jana.

Scola


Nyamulika
21 Agosti 1999

Dada Scola,

Shikamoo.

Nilipoisoma barua yako nilitembea mpaka jiwe la kusini na kurudi, kisha nikatembea tena. Sijawahi kuandika namba ambayo sikuiona. Hata siku ninayoumwa naandika kwamba naumwa. Mita nne ni nne, mita tisa ni tisa. Zote ni za kweli.

Lakini kuna kitu sikukuandikia. Nakunakilia kutoka kwenye shajara, neno kwa neno. Hakuna aliyewahi kuisoma.

“Jumatatu, 26 Julai. Kituo cha kwanza mita 5. Mbalamwezi. Karabai zimepumzika. Mchana tanurini na Telesphory na wavuvi wengine saba. Tumezidi kukata ukingo tulioanza Ijumaa na kugeuza kijito kipite shimoni ili udongo wa matofali ulainike. Telesphory ameteleza, kandambili yake moja imekwenda ziwani. Tumecheka mpaka baba mkubwa akatufokea.”

“Jumatano, 28 Julai. Kituo cha kwanza mita 3. Mwezi mzima. Tumekanyaga udongo mpaka saa kumi na moja. Matofali mia tisa.”

“Ijumaa, 30 Julai. Kituo cha kwanza mita 2 na nusu. Nimeoga mara mbili, miguu bado myekundu. Mapendo ameiangalia miguu yangu mtumbwini.”

Dada, wewe umekulia Kasulu, mbali na ziwa, pengine hujui. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifai kitu, basi kila mwezi wavuvi wanapumzika siku tisa au kumi. Siku hizo ndizo baba mkubwa anapopata mikono ya kufyatua matofali. Giza likirudi, wanarudi ziwani, shimo linabaki peke yake, na maji yanakuwa mita tisa. Wale wa Ubembe walifika tarehe 22, siku moja tu kabla ya mbalamwezi kutusimamisha. Mstari wako ulishuka kwa sababu yetu.

Fomu yako ina safu ya upepo na safu ya mawingu. Haina safu ya mwezi, wala safu ya kazi anayoifanya anayepima. Ningeweza kuiandika pembeni. Sikuiandika. Asubuhi nilipima tope ambalo mchana uliopita nililikanyaga kwa miguu yangu, nikampa baba mkubwa namba, naye akatabasamu. Nilijua anatabasamia nini. Yeye ndiye aliyenipa kalamu, Dada. Nilipofiwa na baba nilikuwa na miaka saba.

Usiniamini kwa maneno. Mwezi umeanza kuwa mkubwa. Wavuvi wataacha kwenda ziwani tarehe 22 au 23. Nasema maji ya Kituo cha kwanza yatakuwa chini ya mita nne kabla ya tarehe 27, na Kituo cha pili hakitabadilika. Sitakuwa shimoni safari hii, nimemwambia baba mkubwa kifua kinaniuma. Njoo upime mwenyewe.

Eliakimu


Bangwe
24 Agosti 1999

Eliakimu,

Naja kwa boti ya Alhamisi, tarehe 26. Mwambie Mapendo aandae kasia. Usimwambie baba yako mkubwa.

Nisamehe kwa neno kivuli.

Scola


Bangwe
30 Agosti 1999

Eliakimu,

Nimefika, na sijaacha kuyaona yale maji. Mita mbili na nusu! Mapendo alivyoshika mtumbwi usiyumbe, na wewe unatazama upande mwingine ili nisome fundo mwenyewe. Halafu ile njia ya kupanda, na wanaume tisa wanaimba shimoni miguu ikiwa myekundu mpaka magotini, na mwezi mweupe umekwisha kuchomoza juu ya mlima jua likiwa bado halijazama. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba ilikuwa nzuri kutazama.

Nimekwenda kwa yule mzee wa ofisi kumwomba karatasi yangu. Amesema karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki. Kwa hiyo nimeandika nyingine, nimebaki hapo hapo mpaka ikagongwa muhuri. Inaanza hivi: “Mimi niliyeandika muhtasari wa tarehe 5 Agosti nilikosea.” Dk. Oswald aliisoma kabla sijaipeleka. Nilidhani atanionea huruma. Alinyoosha mstari mmoja tu: mahali nilipoandika “kulitokea kosa” alikata, akaandika “nilikosea”.

Shimo nimelitaja. Jina la mwenye shimo sikulitaja, wala lako. Hiyo ni kazi ambayo siwezi kukufanyia. Mkutano ni Jumamosi. Sina ruhusa ya kusafiri wiki hii, tunawasilisha ripoti. Nikiwa nasimama mbele ya watu na michoro yangu, nitakuwa huko kwa mawazo.

Ukinyamaza sitakulaumu. Nimekula nyumbani kwenu usiku ule, nimeona baba yako mkubwa alivyokuwa akikuwekea kichwa cha samaki.

Scola


Kwa Mama Mapendo
Mdomo wa kijito, Nyamulika
8 Septemba 1999

Dada Scola,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, kwa hiyo mwandiko umepinda.

Mkutano ulijaa. Yule wa ofisi alisoma karatasi yako ya kwanza, watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akasoma ya pili. Alipofika “nilikosea” alisimama, akaangalia nyuma ya karatasi kama kuna kitu kimesahauliwa, akarudia kusoma. Baba mkubwa akasema, “Huyo mtoto wa chuo amebabaika. Shimo lipi? Maji yanachafuliwa na waliokaa kando ya maji.”

Nikanyoosha mkono. Nikasema ninayo shajara. Mtu nyuma akasema, “Kaandika mapenzi huyo!” watu wakacheka, na Mapendo akatazama chini. Nikasoma. Nilisoma Julai nzima na Agosti, siku kwa siku: mita, mwezi, nani alikuwa shimoni. Kila nikitaja jina mwenyewe anajikohoza. Nilipofika kwenye kandambili, Telesphory akaruka: “Ni kweli! Mwenyekiti, kandambili yangu mpaka leo hujanilipa!” Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baada ya kicheko hicho hakuna aliyeweza kusema shimo halipo.

Jina langu nililisoma pia, kila siku lilipokuwepo.

Baba mkubwa alisubiri nifunge shajara. Kisha akaniuliza, kwa upole, “Umemaliza?” Nikasema, “Ndiyo, baba.” Akasema, “Basi watu wapige kura.” Mikono mingi ilikuwa ya wavuvi wale wale. Wakongomani wabaki. Shimo lihamie juu kwenye ukavu, maji yachotwe kwa ndoo, kijito kisiguswe. Akaandika uamuzi huo mwenyewe, akatia sahihi.

Niliporudi nyumbani sanduku langu lilikuwa nje ya mlango. Blanketi lilikuwa limekunjwa juu yake vizuri, pembe kwa pembe, jinsi anavyokunja yeye tu. Sikubisha hodi. Mama Mapendo amenipa nafasi jikoni. Mapendo anasema mpangaji anayeandika kila kitu ni hatari, sasa lazima mboga ziungwe kwa nazi kila siku. Amecheka aliposema hivyo. Mara ya kwanza tangu Julai.

Lakini sikuandika ili nikwambie hayo.

Zile kaya tano hazikungoja mkutano. Alhamisi tarehe 2 mtu aliwaambia wanajeshi watakuja kuwatoa kwa nguvu, nao wamekwisha kuwaona wanajeshi kwao. Asubuhi ya Ijumaa walipanda mtumbwi kuelekea Kigoma, kwenda kujiandikisha kambini wenyewe. Nilikuwa Kituo cha pili, niliwaona wakipita kwenye ukungu. Nilidhani wanakwenda sokoni, nikawapungia mkono. Nao wakapunga.

Hawajui kwamba wanaruhusiwa kurudi. Wewe uko karibu na magari yanayokwenda kambini. Nakuomba uende, au umpate mtu wa kwenda, na nakala hii ya uamuzi yenye sahihi. Kwenye mchoro wako wameandikwa kaya mpya tano. Ukifika pale ukiuliza kaya mpya tano hakuna atakayekuonyesha. Waulizie hivi:

Nasri Mulonda na mkewe Anifa, watoto wanne. Anifa anachechemea mguu wa kushoto.

Bibi Furaha, peke yake na wajukuu wawili. Mdogo ndiye aliyekuwa akiharisha.

Mwalimu Asukulu na wadogo zake watatu. Alikuwa anafundisha watoto kusoma kwenye mchanga.

Mzee Byamungu na mkewe. Hasikii vizuri, sema karibu na sikio la kulia.

Patrick Wilondja, mkewe Mwanvua, na mtoto wa kike aliyezaliwa tarehe 31 Agosti saa kumi na moja alfajiri. Walipoondoka alikuwa hajapewa jina, kwa hiyo nimeacha nafasi. Ukimpata, muulize mama yake, uniandikie.

Mdogo wako,
Eliakimu